Leseni ya Udereva wa Biashara: Daraja Sahihi Huchaguliwa Mapema na Hulindwa Kila Siku

Kila msimu wa mavuno, malori huingia katika kata za vijijini kuchukua mahindi, mpunga, alizeti na mbao. Wenye malori hutafuta madereva, na vijana wanaojua kushika usukani hawakosekani. Hata hivyo, tajiri anapouliza leseni, wengi hurudi nyuma. Mmoja ana leseni ya daraja B, ambayo haimruhusu kuendesha gari la biashara. Mwingine ana daraja linalofaa, lakini muda wake ulikwisha mwaka uliopita. Wa tatu alipewa kadi na mtu wa pembeni na hajui kama jina lake limo katika kumbukumbu za serikali. Wote watatu wanaweza kuwa madereva wazuri, lakini hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kukabidhiwa gari kihalali.

Makala haya yanaeleza madaraja ya leseni yanayohusu kazi ya udereva, njia ya kuyapata, na namna ya kuitunza leseni ili isipotee njiani. Yanawahusu vijana wanaotaka kuingia katika kazi hiyo, madereva walio kazini, wamiliki wa vyombo, na wazazi ambao watoto wao hupanda magari ya shule kila asubuhi.

Nyaraka tatu zisizofanana

Jambo la kwanza linalowachanganya wananchi ni neno lenyewe "leseni". Chombo kimoja cha biashara kinapokuwa barabarani huhitaji nyaraka tatu tofauti.

Ya kwanza ni leseni ya udereva. Hii ni ya mtu, na inaonyesha ni aina gani ya chombo ambacho mtu huyo ameruhusiwa kuendesha. Hutolewa kupitia Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) baada ya Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani, kumpima mwombaji na kuridhika na uwezo wake.

Ya pili ni leseni ya usafirishaji. Hii ni ya chombo na biashara yake, na iko chini ya Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya mwaka 2019. Basi, daladala, teksi au lori la kukodi linapotoza nauli au gharama ya mzigo, linapaswa kuwa nayo.

Ya tatu ni bima. Kwa mujibu wa sheria, kila chombo cha moto kinachotumika barabarani lazima kiwe angalau na bima inayowahusu watu wengine, yaani wale wanaoweza kuumizwa au kuharibiwa mali na chombo hicho.

Nyaraka hizi hutegemeana. Bima ya chombo huandikwa kwa sharti kwamba anayekiendesha ana leseni halali ya aina ya chombo hicho. Ajali ikitokea na dereva akabainika kuwa na daraja lisilohusika, kampuni ya bima inaweza kukataa kumlipa mwenye gari, au kumdai fedha ilizowalipa waathirika. Kwa sababu hiyo daraja la leseni si suala la kumridhisha askari wa barabarani pekee. Siku ya ajali, linaweza kuamua kama familia itabaki na nyumba yake au itaiuza.

Daraja lipi kwa kazi ipi

Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na kanuni zake, leseni hugawanywa katika madaraja kwa kufuata aina ya chombo na matumizi yake. Mwombaji anashauriwa kuanza na swali moja: chombo atakachoendesha kitabeba nini, na kiasi gani?

Kwa pikipiki, daraja A1 linahusu pikipiki ndogo ambazo ujazo wa injini yake hauzidi sentimita za ujazo 125, na daraja A linahusu pikipiki zenye injini kubwa zaidi ya hapo. Tofauti hii ni muhimu kwa waendesha bodaboda, kwa kuwa pikipiki nyingi zinazobeba abiria na mizigo zina injini ya 150. Mwenye A1 anayeendesha pikipiki ya 150 yuko nje ya leseni yake, hata kama amefanya hivyo kwa miaka mingi. Bajaji na vyombo vingine vya magurudumu matatu vina daraja lake, A2. Leseni ya pikipiki haimruhusu mtu kuendesha bajaji.

Daraja B ni la gari la matumizi binafsi. Halihusu magari ya biashara, magari makubwa wala magari ya abiria. Hapa ndipo wengi hukosea. Kijana hujifunza gari dogo, hupata daraja B, kisha hukabidhiwa kirikuu kupeleka mizigo ya wateja sokoni. Gari ni dogo na barabara ni ileile, lakini kazi imebadilika, na leseni yake haimruhusu tena.

Daraja D ndilo linalofungua mlango wa biashara. Linamruhusu mwenye nalo kuendesha magari ya kawaida, yakiwamo ya biashara, isipokuwa pikipiki, magari makubwa na magari ya abiria. Anayekusudia kubeba mizigo kwa kirikuu au gari la aina ya pikapu anapaswa kuwa na daraja hili.

Daraja E ni la malori na magari makubwa, yakiwamo yenye matela. Halimruhusu mtu kuendesha pikipiki wala gari la abiria. Dereva wa lori aliyebobea haruhusiwi kushika usukani wa basi kwa leseni ya E peke yake.

Madaraja ya C ni ya magari ya abiria, nayo hupanda kwa kufuata idadi ya watu wanaobebwa. C3 ni la magari madogo ya abiria wasiozidi 4, kama teksi. C2 ni la magari ya abiria kati ya 4 na 15. C1 ni la magari ya abiria kati ya 15 na 30. C ni la mabasi ya abiria 30 na zaidi. Madaraja F na G yanahusu mitambo na magari maalumu, yakiwamo matrekta ya mashambani na magari ya migodini.

Gari la shule lina abiria kama gari jingine lolote. Uongozi wa shule unaoajiri dereva wa basi dogo la wanafunzi unapaswa kuhesabu viti vya gari hilo, kisha kuangalia daraja lililoandikwa katika leseni ya mwombaji. Wazazi nao wana haki ya kuuliza.

Kwa nini madaraja hupandwa kwa miaka

Mtu haruhusiwi kuruka kutoka gari dogo hadi basi kubwa kwa sababu tu ana nguvu na ujasiri. Anayeomba daraja C hupaswa kuwa amekaa na daraja C1 au E kwa muda usiopungua miaka 3. Kipindi hicho huwaudhi vijana wenye haraka, lakini kimewekwa kwa sababu zinazoonekana barabarani.

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwa mabasi na malori makubwa nje ya makazi, hupita takriban mita 22 kila sekunde moja. Dereva akichelewa kuona hatari kwa sekunde mbili tu, tayari amekwisha kupita zaidi ya mita 40 kabla mguu wake haujagusa breki. Katika maeneo ya makazi, ambako ukomo ni kilomita 50 kwa saa, umbali huo ni mita 14 kwa sekunde. Gari likiwa dogo, kosa la namna hiyo huweza kusahihishwa. Likiwa lori na tela lake, ambalo pamoja na mzigo linaweza kufikia tani 56 zinazoruhusiwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, nafasi ya kusahihisha ni ndogo mno.

Miteremko ndiyo hufundisha zaidi. Dereva anayeshuka Kitonga mkoani Iringa au Sekenke mkoani Singida akiwa na mzigo mzito hawezi kutegemea breki za miguu peke yake. Breki zikikandamizwa mfululizo hupata moto, na zikishapata moto hupoteza nguvu ya kushika. Dereva aliyefunzwa hupunguza mwendo na kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki azitumie kwa vipindi. Dereva ambaye hakufunzwa hungundua jambo hilo akiwa katikati ya mteremko, wakati gari limekwisha kushika kasi na gia haikubali tena kuingia.

Ndiyo sababu waombaji wa madaraja ya magari ya abiria na magari makubwa hutakiwa kupitia mafunzo maalumu na kupata cheti. Miongoni mwa taasisi zinazotoa mafunzo hayo ni Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kilichopo Mabibo, Dar es Salaam, na vyuo vya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA). Kijana anayetamani kuendesha basi la mikoani anapaswa kuhesabu miaka kuanzia leo, kwa kuwa siku ambayo hakuanza haitahesabiwa hata kidogo.

Hatua za kupata leseni

Njia ya kawaida ina hatua zinazofuatana, na kila hatua huacha kumbukumbu.

Mwombaji wa leseni ya gari anapaswa kuwa ametimiza miaka 18. Huanza kwa kuwa na namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN), ambayo hutolewa bure na TRA, pamoja na utambulisho wa taifa. Kisha huchukua leseni ya kujifunzia, ambayo hudumu kwa miezi 3. Katika kipindi hicho hujifunza katika shule ya udereva iliyosajiliwa, akiwa na mwalimu, na gari likiwa na alama inayowaonyesha wengine kwamba anayeendesha ni mwanafunzi.

Akimaliza mafunzo huenda polisi kwa ajili ya majaribio, ambayo huangalia ufahamu wake wa sheria na alama za barabarani, pamoja na uwezo wake wa kuendesha. Uwezo wake wa kuona nao hupimwa. Akifaulu hupewa cheti cha umahiri, ndipo hurudi TRA kupigwa picha, kuchukuliwa alama za vidole na kulipa ada.

Tangu mwaka 2019, leseni ya udereva hudumu kwa miaka 5 badala ya 3, na ada ya leseni ya gari ilipangwa kuwa shilingi 70,000 kutoka shilingi 40,000 za awali. Fedha hizo zikigawanywa kwa miezi 60 ni chini ya shilingi 1,200 kwa mwezi. Malipo yote hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia benki au simu. Hakuna malipo halali yanayofanywa mkononi mwa mtumishi wala mwa mtu aliyesimama nje ya ofisi.

Kwa madereva wa magari ya biashara, na hususan mabasi, kuna hatua ya ziada. LATRA huwasajili na kuwathibitisha madereva kwa mtihani unaofanywa kwa kompyuta. Dereva wa basi aliyethibitishwa hupewa kitufe cha utambuzi, ambacho hukiunganisha na mfumo wa kufuatilia mwenendo wa mabasi kabla ya kuondoa gari. Mfumo huonyesha ni nani aliyekuwa kwenye usukani, kwa mwendo gani na kwa muda gani. Kwa utaratibu huo, dereva mmoja hawezi tena kujificha nyuma ya jina la mwenzake.

Hasara ya njia ya mkato

Nje ya ofisi nyingi huwapo vishoka wanaoahidi leseni ya daraja lolote ndani ya siku chache, bila shule wala jaribio. Bei yao huonekana nafuu ikilinganishwa na karo ya chuo. Kinachouzwa, hata hivyo, ni ama kadi ya bandia, au kadi iliyoingizwa katika mfumo bila cheti kinachoithibitisha.

Kadi ya bandia hugunduliwa pale tu namba yake inapotafutwa katika mfumo. Kadi isiyo na cheti hugunduliwa wakati wa uhakiki, ambapo madereva wa madaraja ya C na E hutakiwa kuonyesha vyeti vya mafunzo waliyopitia. Asiyekuwa navyo hushushwa daraja au huondolewa barabarani. Mtu aliyejenga maisha yake juu ya kadi ya namna hiyo, akakopa, akaoa na kusomesha watoto, hujikuta akirudi mwanzo akiwa na umri mkubwa. Kupatikana na leseni ya kughushi ni kosa la jinai, nalo linaweza kumfikisha gerezani.

Vyeti vya shule ya udereva, NIT au VETA vinapaswa kutunzwa kama hati ya shamba. Mwenye navyo anashauriwa kutoa nakala, kuzihifadhi mahali tofauti, na kutomwachia mwajiri nakala halisi.

Kuitunza leseni

Leseni nyingi hazipotei kwa ajali kubwa. Hupotea kwa mambo madogo yanayorudiwa.

La kwanza ni muda. Tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye kadi, lakini wengi huisoma siku wanaposimamishwa. Inafaa kuanza taratibu za kuhuisha leseni angalau mwezi mmoja kabla, ili kuwahi upimaji na marekebisho ya taarifa. Leseni iliyokwisha muda haimlindi dereva, hata kama ilikwisha jana.

La pili ni faini. Kosa la kawaida la barabarani huandikwa faini ya shilingi 30,000 kwa gari. Faini isiyolipwa hubaki katika mfumo wa polisi, nalo deni hilo humsubiri dereva au mwenye gari. Makosa matatu ya mwendo kasi hugharimu zaidi ya ada yote ya leseni ya miaka mitano. Kwa makosa mazito, kama vile kuendesha kwa hatari, kulipita gari jingine mahali pasiporuhusiwa au kuendesha ukiwa umelewa, leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa, na mahakama inaweza kumzuia mtu kuendesha kwa kipindi itakachokitaja.

La tatu ni usingizi. Basi linalosafiri kwa zaidi ya saa 8 linapaswa kuwa na madereva wawili, na dereva wa pili hapaswi kuwa jina lililoandikwa kwenye karatasi tu. Kahawa, sigara na muziki wa sauti ya juu huahirisha usingizi kwa muda mfupi, lakini haviuondoi. Dereva anayeona kope zinashuka, au asiyekumbuka kijiji alichokipita dakika chache zilizopita, hana budi kusimamisha gari mahali salama.

La nne ni afya. Shinikizo la damu, kisukari na udhaifu wa macho huja polepole, na mwenye kazi ya kukaa saa nyingi na kula njiani yuko katika hatari zaidi. Kupima macho na damu mara moja kwa mwaka katika kituo cha afya kilicho karibu kunaweza kumwongezea dereva miaka ya kufanya kazi. Dereva aliyeandikiwa miwani anapaswa kuivaa akiwa kazini.

La tano ni pombe. Kwa anayebeba abiria au mzigo wa watu, kiasi kinachofaa kabla ya safari ni kutokunywa kabisa. Pombe ya usiku bado inaweza kuwamo mwilini alfajiri, saa ambayo mabasi mengi huondoka.

Wajibu wa mwenye chombo

Sheria haimgusi dereva peke yake. Mtu anayemwajiri au kumruhusu asiye na leseni inayohusika kuendesha chombo chake naye ametenda kosa. Kwa hiyo mwenye daladala, lori au bajaji anapaswa kuiona leseni halisi, kulinganisha daraja na chombo, na kuandika tarehe ya mwisho katika daftari lake.

Tatizo kubwa liko kwa deiwaka, yaani dereva anayeshikilia gari kwa siku moja badala ya dereva mwenyewe. Mara nyingi mwenye gari hata hamfahamu. Makubaliano ya maandishi kati ya mwenye gari na dereva, yanayokataza kumkabidhi mwingine usukani bila idhini, hulinda pande zote mbili. Vilevile, tajiri anayepanga hesabu ya siku isiyofikika humlazimisha dereva kukimbia, kujaza abiria kupita kiasi na kukesha. Leseni inayofutwa ni ya dereva, lakini gari linaloharibika ni la tajiri.

Jambo hili linavihusu pia vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa ajili ya kununua bodaboda au bajaji. Kikundi kinashauriwa kuhakikisha kwamba wanachama watakaoendesha wana madaraja A au A2 kabla chombo hakijanunuliwa. Bajaji iliyozuiliwa kituo cha polisi kwa kukosa dereva mwenye leseni haizalishi marejesho, na deni hubaki kwa wanachama wote.

Pa kuanzia

Mwananchi anayetaka kujua zaidi anaweza kuanza kwa Mtendaji wa Kata au Afisa Maendeleo ya Jamii, ambao watamwelekeza. Ofisi ya TRA ya wilaya hushughulikia TIN, ada na utoaji wa kadi. Kituo cha Polisi cha wilaya, Kikosi cha Usalama Barabarani, hushughulikia majaribio na uhakiki wa vyeti. Ofisi ya LATRA ya mkoa hushughulikia leseni za usafirishaji na uthibitishaji wa madereva wa biashara.

Mwenye leseni tayari anaombwa kufanya jambo moja kabla ya kulala leo: aitoe kadi yake, asome daraja na tarehe ya mwisho, kisha alinganishe na chombo atakachokiendesha kesho asubuhi. Vikitofautiana, ni afadhali apoteze siku moja ya kazi akiwa ofisini kuliko kugundua kasoro hiyo siku ya ajali.